Mapigo Sita kwa Sekunde

Baba alifariki wodini Musoma, siku ya Jumanne, saa tisa na dakika ishirini mchana. Ninaijua dakika hiyo kwa sababu niliisoma kwenye saa iliyokuwa mkononi mwake. Muuguzi alipokuja kuuandaa mwili aliniomba niivue. Niliivua, nikaifunga kwenye pindo la khanga, nikaitia mkobani. Sikumsainisha mtu, wala mimi mwenyewe sikuandika popote.

Hilo ndilo kosa langu katika habari hii na ni afadhali nilitaje mapema. Mimi ni mtaalamu wa maabara, Bunda. Kwa miaka kumi na tisa nimepokea damu za watu, na kichupa kisicho na lebo tunakitupa, hata kama kila aliyemo chumbani anajua ni damu ya nani.

Kijijini kwetu Buswahili, katika ukoo wetu, vitu alivyokuwa amevaa marehemu hufungwa kwenye kitambaa na haviguswi mpaka arobaini, wazee wakiwa wamekaa. Sijawahi kuuliza sababu. Nilimkabidhi mama khanga ikiwa na fundo lake, mama akaiweka sandukuni, na siku zote hizo hakuna aliyeifungua.

Saa yenyewe ilijulikana na kila mtu. Baba, Mzee Burito, alikuwa dereva. Mwaka 1988 mhandisi Mswisi aliyekuwa akimwendesha kwenye mradi wa maji upande wa Mugango alimaliza mkataba wake, na siku ya kuondoka akamvisha saa ya mkononi yenye jina la kampuni moja kubwa ya kwao. Jina silitaji, kampuni hiyo haina kosa lolote hapa. Baba aliivaa miaka thelathini na sita. Kengele ya kigango chetu iligongwa kwa saa yake. Mnadani watu wenye simu mfukoni walimwuliza yeye saa ngapi. Alipenda kusema, "Waliotengeneza hii ni wafugaji kama sisi. Wanakaaga milimani. Baridi ikizidi wanafunga ng'ombe ndani, wanakaa dirishani, wanatengeneza saa." Nilipokuwa mdogo nilidhani anajitungia.

Arobaini iliangukia Jumamosi. Ukoo ulikaa sebuleni kwetu, wazee kwenye makochi, sisi wengine kwenye mikeka na viti vya plastiki. Baba mdogo Ryoba, mdogo wake baba, alifungua fundo ili amkabidhi saa Fredy, ndugu yangu ninayemtangulia kuzaliwa, mtoto wa kwanza wa kiume. Fredy ni wakala wa forodha bandarini Dar es Salaam. Alikuwa amekuja na suti.

Mishale ilikuwa imesimama saa moja kasoro robo.

"Imekufa," alisema baba mdogo.

"Saa ya Uswisi haifi," alisema Fredy. Aliipokea, akaigeuza, akaipima uzito kiganjani. Kisha akatoa simu na kutafuta picha. Alikaa hivyo dakika mbili au tatu, macho yakienda kwenye simu na kurudi kwenye saa, na sebule yote ikimsubiri. "Wazee, angalieni. Maandishi chini ya jina ni manene. Kikioo cha juu ya tarehe hakikuzi namba. Na ni nyepesi. Hii ni feki. Kariakoo zimejaa."

"Feki namna gani? Si ndiyo ya marehemu?"

"Ya marehemu ilikuwa ya kweli, baba mdogo. Mswisi atoke kwao amvishe mzee feki? Hii imewekwa mahali pake."

Hakuna aliyenitazama. Kwa hilo nilijua wote wamefika pale pale.

"Taja jina, Fredy," nilisema.

"Sijataja mtu. Lakini dada, wewe si ndiye unaandikaga lebo kwenye kila kichupa? Ya saa iko wapi?"

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akajikatiza kwa kukohoa.

Baba mdogo Ryoba si mtu mbaya. Aliwaacha watu wanong'one kidogo, kisha akatoa uamuzi kama alivyofundishwa na waliomtangulia. Jumamosi inayofuata nitakwenda kwenye kaburi la baba na kuapa, mkono ukiwa juu ya udongo, kwamba saa hii ndiyo ile aliyoivaa miaka yote. Nikikataa, nisikanyage ua ule tena.

Mama, Wankyo, alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Ana miaka sabini na nne na presha yake hupanda bila kumpa dalili. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayempima na kumpangia vidonge kwenye kikasha chenye siku saba, kwa sababu hasomi na vidonge viwili kati ya vitatu vinafanana rangi. Mara moja nilichelewa wiki mbili, tukamkuta amelala sakafuni. Kwa hiyo nilielewa vizuri nilichokuwa nikiambiwa.

Wengi wangeapa. Sababu iliyonizuia haikuwa uoga wa kaburi. Siku mbili kabla ya kufa, baba alikuwa hajitambui, nami nilitoka wodini kwenda kutafuta dawa mjini. Nilikaa nje saa mbili. Wodi ilikuwa imejaa wagonjwa, wauguzaji na wageni. Naweza kuapa kwamba sikuibadilisha. Siwezi kuapa kwamba haikubadilishwa, kwa sababu sijui. Nilijiuliza swali hilo usiku na mchana kwa siku tatu, na kila mara jibu lilibaki kuwa sijui.

Baba mdogo aliniruhusu kuondoka na saa ili nitafute mjuzi. Kabla ya hapo Fredy aliipiga picha mbele, nyuma na ubavuni.

"Za nini hizo?" nilimwuliza.

"Ili isibadilike mara ya pili."

Jumatatu jioni nilimpelekea Clever, kijana anayetengeneza simu na saa karibu na stendi ya Bunda. Aliitazama sekunde moja. "Betri, mama. Elfu tano tu, unasubiri." Tayari alikuwa na kisu mkononi. Niliinyang'anya saa kabla hajaigusa, nikaondoka huku akinicheka.

Usiku ule Fredy alinitumia ujumbe. "Nimesoma zaidi. Ya kweli ya jina hili inapiga mara nane kwa sekunde. Uliza huyo mjuzi wako."

Jumatano niliomba ruhusa kazini nikaenda Musoma. Fundi Nicolaus ana meza yake chini ya baraza la duka la vitambaa, Barabara ya Mukendo, na kisanduku cha kioo chenye saa za wateja. Baba alinipeleka pale nikiwa darasa la tano. Nilikumbuka tu kioo cheusi cha kukuzia alichokibana jichoni na kwamba hakunisalimia mpaka amalize kazi. Sasa ni mzee, nywele zimekwisha, lakini kioo ni kile kile.

Niliiweka saa mezani. Hakuiinua.

"Hii ni ya Burito," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki. Mwezi uliopita. Mimi ni Ursula, binti yake."

"Ooh. Pole, mama. Pole sana." Alivua kioo, akaichukua saa na kuitikisa kushoto na kulia, taratibu, kama mara ishirini. Akanisogezea sikioni. Ilikuwa inatembea.

"Haikufa," alisema. "Ilikuwa na njaa."

Alinieleza kwa kidole juu ya meza. Ndani ya saa ya otomatiki hakuna betri. Kuna kipande cha chuma, nusu duara, kinachozunguka mkono unapotembea, nacho hukaza springi. Ukiivua ikiwa imeshiba, inaendelea kama saa arobaini, kisha inasimama. Haijaharibika. Ivae, itatembea. "Wanaletaga hapa kila wiki. Mtu amemzika baba yake, saa imesimama, anasema imemfuata mwenyewe. Ninaitikisa tu. Hela sichukui, lakini soda nakunywa."

Nilifanya hesabu. Kutoka Jumanne saa tisa na dakika ishirini mchana mpaka Alhamisi saa moja kasoro robo asubuhi ni saa thelathini na tisa na dakika ishirini na tano. Hesabu ilikubali. Tulikuwa tumeinyima mkono kwa siku arobaini kwa sababu ya fundo la khanga, na tukashangaa imesimama.

Lakini hilo lilijibu nusu tu ya shtaka. Saa iliyobadilishwa nayo ingesimama vivyo hivyo. Fundi alipogeuka kumhudumia mteja mwingine, niliweka simu juu ya meza, nikarekodi mshale wa sekunde kwa ile video ya mwendo wa taratibu, nikahesabu miruko. Mshale wa baba haukuteleza kama unavyoonekana kwa jicho; uliruka. Miruko sita kwa sekunde. Nilirudia nikapata sita. Mara ya tatu nilihesabu kwa kidole kwenye kioo cha simu. Sita.

Ninafahamu hali ya kusoma jibu baya kabla ya mgonjwa kulijua. Kwa kawaida ninaandika, ninasaini, ninaendelea na kichupa kinachofuata. Safari hii nilibaki nikitazama simu. Fredy alikuwa sahihi. Saa iliyokuwa mezani haikuwa ya Uswisi, nami nilikuwa na zile saa mbili za nje ya wodi ambazo sikuweza kuzieleza.

Mteja alipoondoka nilisema, "Fundi, ifungue."

"Ya nini? Inatembea."

"Ndugu yangu anasema ni feki. Nimehesabu, inapiga sita. Wanasema niliibadilisha."

Alichukua kitambaa akaanza kuifuta saa, ingawa ilikuwa safi. "Nani anasema?"

"Ukoo. Jumamosi naapishwa kaburini, la sivyo sitamwona mama tena."

"Ungeapa tu, mama."

"Siapi jambo nisilolijua."

Alinitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Wewe ni wa Burito kweli," alisema. "Saa hii nimeifungua mara mbili. Mara zote mbili aliniambia nifunge na nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Hata mke wangu."

Sikumsihi. Nilimsubiri. Alibana kioo jichoni, akapitisha kisu chembamba kwenye ukingo, na kifuniko cha nyuma kikaruka kwa sauti ndogo. Alikipindua juu ya kitambaa cheupe, akavua kioo na kunipa.

Mafundi wa saa wana desturi yao. Kila anayefungua hukwaruza kwa sindano, ndani ya kifuniko, alama yake na tarehe, mahali ambapo mwenye saa hataona kamwe. Niliona mistari miwili ya maandishi, midogo kuliko chungu. Wa kwanza: N 14-8-96 JP. Wa pili: N 3-2-09 JP.

"N ni mimi," alisema. "JP ni mashine ya Japani. Naandikaga hivyo ili fundi mwingine asije akahangaika kutafuta vipuri vya Uswisi. Mashine nzuri, siisemi vibaya. Ila si ya jina lile."

"Kwa hiyo tangu tisini na sita..."

"Tangu tisini na sita, kwa ninachokijua mimi. Huko nyuma sijui."

Hilo lilinitosha mimi, si ukoo. Mtu aliyenituhumu ana akili, na nilijua atakachosema: fundi amekwaruza jana, amelipwa. Nilimwambia fundi hivyo hivyo, bila kumpamba. Hakukasirika. Alichukua sindano, akaandika mstari wa tatu, tarehe ya siku ile, akanirudishia kioo.

Mstari mpya uling'aa njano. Ile miwili ya zamani ilikuwa kahawia, wa kwanza umekolea kuliko wa pili.

"Umeona? Kifuniko cha saa ya kweli ni chuma cha pua, ukikwaruza leo au miaka thelathini iliyopita ni weupe ule ule. Hiki ni shaba ya njano iliyopakwa rangi ya chuma juu. Ikipata hewa inachoka pole pole, inakuwa kahawia. Siwezi kuichosha kwa siku moja, hata unilipe."

Kwa maneno mengine, kama baba angekuwa na saa ya kweli nisingekuwa na ushahidi. Nilipiga picha ya mistari yote mitatu kupitia kwenye kioo, picha nne, na nikaandika saa na mahali.

Kisha nikamwuliza swali ambalo halikuwa la kesi yangu. Kwa nini mtu anajua tangu 1996 na anaendelea kuivaa?

Nicolaus alijibu kwa kuzunguka. Alifundishwa na fundi Mhindi, Mwanza, ambaye alikuwa na vitabu vya Geneva na alimlazimisha kuvisoma. Katikati ya karne ya kumi na sita, alisema, viongozi wa dini wa mji ule walipiga marufuku mapambo. Masonara wakakosa kazi. Saa haikuhesabiwa pambo, ilikuwa chombo, basi wakahamia kwenye saa. Ufundi ukapanda milimani kwa wakulima, na hapo baba hakukosea: theluji iliwafungia ndani miezi mingi, wakawa wanatengeneza vipande nyumbani, familia hii gurudumu, ile skrubu. Mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia mwanamume alitembea na saa mfukoni. Ya mkononi ilikuwa bangili ya wanawake, mwanamume akiivaa anachekwa. Askari aliyeshika bunduki alihitaji kusoma saa bila kuingiza mkono mfukoni, na kicheko kikaisha.

"Halafu sitini na tisa Mjapani akaleta ya betri," alisema. "Haikosei, na bei ikashuka haraka. Uswisi walikuwa na wafanyakazi elfu tisini wa saa. Haijapita miaka ishirini, wamebaki kama elfu thelathini. Waliobaki walifanya nini? Waliacha kushindania usahihi. Ile ya kweli, yenye cheti, inaruhusiwa kukosea sekunde nne nyuma au sita mbele kwa siku. Hapo sokoni kuna ya elfu kumi inaishinda."

"Basi wanauza nini?"

"Wanauza kwamba mtu alikaa akaitengeneza kwa mkono, na kwamba utamwachia mwanao. Burito nilimwambia ukweli hapo ulipokaa. Aliniuliza kitu kimoja tu. 'Mswisi alijua?' Nikasema hilo mimi siwezi kulijua. Akasema, funga."

Mpaka leo zinabaki njia tatu. Mhandisi alinunua feki akijua, alinunua asijue, au ya kweli ilibadilishwa kati ya 1988 na 1996 na mtu nisiyemjua. Sina ushahidi wa kuchagua. Nilichonacho ni kumbukumbu moja. Nilipokuwa sekondari nilimwona baba kila asubuhi akizunguka nyuma ya nyumba na redio ndogo, taarifa ya habari ikikaribia, peke yake. Nilidhani anapenda utulivu. Alikuwa anairekebisha saa kwa kufuata redio. Ndiyo maana hakumruhusu mtu mwingine kuishika, na ndiyo maana kengele ya kigango haikuchelewa.

Fundi aliniazima kisu na kioo. Hakutaka kunywa soda.

Alhamisi na Ijumaa nilifanya kazi vibaya. Nilirudia vipimo vilivyokuwa sahihi. Nilikuwa na ushahidi wa kutosha kujisafisha, na ulikuwa kwenye simu: kugusa mara mbili tu, kumpa baba mdogo Ryoba, aizungushe sebuleni. Lakini picha ile ile ingewaambia watu wa Buswahili kwamba mtu waliyemwuliza saa kwa miaka thelathini na sita alikuwa na kitu cha Kariakoo, kwamba alijua, na kwamba aliwaacha waendelee kuuliza. Mama angekuwa amekaa pale mlangoni. Nilijaribu kutafuta namna ya kueleza nusu. Nusu yoyote niliyoijaribu ilikuwa na tundu, na Fredy angeliona.

Jumamosi nilifika kabla ya wazee kukaa. Sikuingia uani. Nilisimama nje ya uzio wa minyaa, nikampigia simu Fredy atoke, tukaenda upande wa zizi. Sikufanya hivyo kwa huruma. Fredy namjua: akibishiwa mbele za watu hashuki.

"Umekuja kuniomba?" alisema.

"Nimekuja kukuonyesha. Shika kioo, kibane jichoni. Usipumue juu yake."

Nilifungua kifuniko mwenyewe. Alitazama muda mrefu. Aliinama, akageuka apate mwanga, akatazama tena. Nilimweleza N, nikamweleza JP, nikamweleza kwa nini mistari miwili ni kahawia na mmoja ni wa njano. Aliukwaruza ule wa njano kwa ukucha, kama nilivyotarajia. Akajaribu wa kahawia. Haukubadilika.

"Tisini na sita nilikuwa darasa la tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Na mzee alijua?"

"Aliambiwa siku hiyo hiyo. Akasema ifungwe."

Fredy alinirudishia kioo. Alikuwa na saa yake mkononi, ile ya kisasa inayohesabu hatua, ikawaka yenyewe kisha ikazima. "Kule ofisini nimewaambia watu," alisema. "Miaka yote. Kwamba mzee ana original." Akapangusa jasho. "Nani mwingine anajua?"

"Fundi. Mimi. Wewe."

"Utawaambia?"

"Picha ninayo. Ukinisafisha, sina haja ya kuitoa. Usiponisafisha, naitoa."

"Dada, hayo ni vitisho."

"Ni utaratibu wa kazi."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Hakuniahidi kitu. Nilirudisha kifuniko, akachukua saa, akaivaa na kutangulia, mimi nikabaki nimesimama kwenye lango la uzio, mahali ambapo nilikuwa bado naruhusiwa. Kupitia dirisha la sebule niliona migongo ya wazee. Nilifungua picha kwenye simu, nikaweka kidole gumba karibu na kioo ili isizime.

Baba mdogo Ryoba alitoka mlangoni. Wengine walimfuata. "Ursula. Umejiandaa kwenda kaburini?"

"Mwulize Fredy kwanza, baba mdogo."

Fredy alikuwa kwenye ngazi. Watu walianza kumgeukia. Skrini yangu ilianza kufifia, nikaigusa.

"Wazee," alisema, "nilisema vibaya. Saa ni ile ile ya mzee. Fundi wake wa Musoma ameifungua, alama zake za tangu tisini na sita zimo ndani, nimeziona kwa macho yangu. Dada hakubadilisha kitu."

"Wiki iliyopita ulisema ni feki."

Nilimtazama mdomo. "Wiki iliyopita ilikuwa imesimama, baba mdogo. Nilisema kwa hasira. Saa hizi ukiivua siku mbili inasimama, ndivyo zilivyo. Ni sisi tulioifunga."

Kila neno lilikuwa kweli. Hakujibu alichoulizwa, na nilisubiri mtu alione hilo. Baba mdogo aliuvuta mkono wa Fredy, akainama, akaweka sikio kwenye saa. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inapiga," alisema. "Saa ya Uswisi hiyo."

Fredy hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu. Katika kazi yangu, jibu lisilo sahihi likitoka nje na mimi nimenyamaza, naweza kufutiwa leseni.

"Mwombe dada yako radhi," alisema baba mdogo.

"Dada, samahani."

"Nimesikia."

Mama alijitokeza nyuma yao, ameshika fremu ya mlango. Hakuuliza habari ya saa. "Ursula, mbona umesimama huko kama mgeni? Vidonge vyangu umeleta? Vimekwisha juzi."

Niliingia. Nilimpima: mia moja themanini na mbili kwa mia moja na nne. Nilimpa dozi palepale, nikakaa naye nusu saa, nikampima tena. Ilikuwa imeanza kushuka. Nilipanga kikasha, Jumapili mpaka Jumamosi, nikakihesabu mara mbili. Picha sikuifuta, na sidhani nitaifuta. Niliiandikia tarehe na namba, kama sampuli nyingine yoyote.

Chakula kilipokuwa kinapakuliwa nilitoka kumwaga maji nyuma ya nyumba. Fredy alikuwa kule, amenipa mgongo, simu mkono mmoja. Alikuwa amevuta kile kitufe cha pembeni ya saa na anasubiri sekunde za kwenye simu zifike sifuri. Nilirudi nilikotoka kabla hajageuka.